Hedifoni nne, amplifaya tatu, meza moja Moshi: ipi uchukue

Mtu akija kwa mara ya kwanza kwenye baraza tunapokutania wapenzi wa hedifoni, mtaa wa Rau hapa Moshi, mkono wake huenda kwenye amplifaya kabla ya kitu kingine chochote. Si ajabu. Amplifaya ndiyo yenye taa, ndiyo yenye valvu zinazowaka rangi ya chungwa, na mwenye nayo amesimama pembeni anasubiri aulizwe. Hedifoni zimelazwa tu juu ya kitenge. Lakini akiniuliza mimi pesa yake aipeleke wapi, jibu langu ni lilelile, na wenye amplifaya za bei hawalipendi: nunua kwanza hedifoni, tena zinazofaa pale unapokaa, halafu amplifaya ziachie namba zikuamulie. Mara nyingi namba zitasema adapta ndogo ya simu inatosha.

Hapa nalinganisha hedifoni nne ambazo hazikosekani mezani, na njia tatu za kuzisukuma. Ziko nyingine nzuri. Koss Porta Pro ya mwaka 1984, kwa mfano, bado inatengenezwa na bado naipenda. Ila hizi nne zina tabia tofauti kiasi kwamba ukishazijua, nyingine unaweza kuzikisia.

Nyuma ya kikombe pako wazi au pamezibwa?

Swali hili lije kabla ya jina la kampuni. Sennheiser HD 600 na HiFiMAN HE400se ziko wazi nyuma: kuna wavu tu, hewa inapita, sauti inatoka na kelele za nje zinaingia. Beyerdynamic DT 770 Pro na Audio-Technica ATH-M50x zimezibwa.

Nyuma ya ukuta wa baraza yetu kuna mashine ya kusaga. Ikishaanza kazi asubuhi, mwenye HD 600 kichwani anasikia muziki pamoja na unga wa watu. Besi ndiyo inayoumia zaidi, kwa sababu mngurumo wa mota unakaa palepale besi inapokaa. Vivyo hivyo masika: mvua ikipiga bati, hedifoni ya wazi haina la kukusaidia, hata iwe ya milioni ngapi. Wenzetu wanaotoka Arusha, hasa wanaoishi Kaloleni na Ngarenaro ambako baa na spika za barabarani hazilali, wengi wameishia kwenye za kuziba, na wamefanya vizuri.

Upande wa pili, ya wazi inampa msikilizaji nafasi. Sauti haigongi ukuta wa kikombe na kurudi sikioni, kwa hiyo ala zinaonekana zimekaa mbali kidogo na kichwa na masikio hayachoki haraka. Ukiwa na chumba kimetulia, au ukisikiliza usiku watu wakishalala, chukua ya wazi. Kumbuka tu kwamba na mwenzako kitandani atausikia wimbo huo.

Nne zenyewe

HD 600 ilitoka mwaka 1997 na mpaka leo iko sokoni. Katika biashara hii ya vitu kubadilishwa kila baada ya miaka miwili, huo ni umri wa mzee wa ukoo. Kinachonirudisha kwake ni sauti ya mtu. Weka taarabu ya Bi Kidude na ule ukavu wa koo lake unausikia ulivyo, bila kupakwa sukari. Weka kwaya ya Kilutheri, ambazo huku Kilimanjaro hazihesabiki, na utatofautisha safu ya alto na ya soprano hata kama kanisa lilirekodiwa kwa maikrofoni mbili. Gitaa la Mbaraka Mwinshehe linasimama mbele, safi. Rekodi nyingi za Radio Tanzania za zamani ni za mono, kwa hiyo ule upana unaosifiwa kwenye hedifoni za wazi hausaidii sana hapo. Kinachosaidia ni sauti za kati zilizonyooka, na HD 600 ndiko ilikolala nguvu yake.

Udhaifu wake uko chini. Besi ya ndani kabisa inafifia, na ukimpa kijana wa amapiano atakurudishia baada ya nusu wimbo akiuliza ile ngoma imekwenda wapi. Ikiwa mpya inabana mashavu, lakini hulegea. Halafu kuna jambo ambalo kwa mtu anayekaa mbali na duka la vipuri lina thamani kuliko sifa zote za sauti: unaweza kuifungua kwa vidole. Pedi zinachomoka, sponji za ndani zinachomoka, mto wa kichwani unachomoka, waya unachomoka. Hakuna risasi ya kuchomea.

HE400se ni planari. Badala ya koili ndogo kusukuma utando kutoka katikati, ina utando mwembamba wenye njia za umeme zilizotandazwa juu yake, na sumaku zinausukuma wote kwa pamoja. Matokeo yake besi inashuka chini zaidi bila kuvimba, na ngoma inapiga na kukatika bila mkia. Kwa bei yake, ambayo huko inakotoka iko chini sana ya HD 600, sioni ya wazi inayoishinda kwa Bongo Fleva. Lakini ina uzito wa karibu gramu 390, na baada ya saa moja shingo inakukumbusha. Sauti ya mtu inarudi nyuma hatua moja ukilinganisha na HD 600. Ukizibadilishana haraka na mwimbaji yuleyule utaona.

DT 770 Pro ni ya kampuni ya Heilbronn, Ujerumani, na huuzwa kwa ukinzani (ugumu wa umeme kupita) wa omu 32, 80 au 250. Mezani kwetu iko ya omu 80. Pedi zake ni za mahameli, na katika joto la Moshi huo si urembo: ngozi ya bandia inanata kwenye jasho, mahameli hayanati. Besi imejaa. Tatizo ni juu, kwenye kiloherzi 8 hivi, ambako ina mwinuko mkali, na herufi «s» za mwimbaji zinachoma. Wanaochanganya muziki huipenda kwa sababu inawafichulia makosa. Mimi siwezi kukaa nayo jioni nzima bila kushusha sehemu hiyo kwa ikwalaiza. Waya wake hauchomoki, kwa hiyo siku ukikatika unahitaji fundi.

M50x ya mwaka 2014 ndiyo ya kazi za kutembea: inakunjwa, waya unachomoka, na simu yoyote inaisukuma. Besi na juu zimeinuliwa kidogo, ya kufurahisha zaidi kuliko ya kweli. Ngozi ya pedi hubanduka vipandevipande baada ya muda, nawe utatembea na chembe nyeusi masikioni. Sina mengi ya kusema juu yake. Ni nzuri, haina siri.

Namba ambazo muuzaji hakuonyeshi

Kila hedifoni ina namba mbili: ukinzani kwa omu, na usikivu, yaani desibeli ngapi inatoa ukiipa miliwati 1. Watu wengi huangalia omu peke yake, wakiona 300 wanaogopa, wakiona 25 wanasema hii rahisi. Nimepiga hesabu kwa namba za viwanda vyenyewe, nikiuliza: ili kilele cha muziki kifike desibeli 110, inahitaji volti ngapi, na mkondo kiasi gani?

| Hedifoni | Omu | Usikivu (desibeli kwa miliwati 1) | Volti | Miliampia |
|---|---|---|---|---|
| ATH-M50x | 38 | 99 | 0.7 | 18 |
| DT 770 Pro | 80 | 96 | 1.4 | 18 |
| HE400se | 25 | 91 | 1.4 | 56 |
| HD 600 | 300 | 97 | 2.5 | 8 |

Tazama mistari miwili ya mwisho. HD 600 inataka volti nyingi lakini mkondo kidogo mno. HE400se, yenye omu 25 tu, inakunywa mkondo mara saba ya huo. Zote mbili huitwa «ngumu kusukuma», kumbe ugumu wao haufanani hata kidogo, na amplifaya inayomfaa mmoja inaweza kumnyima mwingine.

Desibeli 110 ni kilele cha ngoma kinachopita, si sauti ya kukaa nayo. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha wastani wa desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kila ukipandisha desibeli 3 saa hizo zinagawanywa kwa mbili. Ukisikiliza kwa adabu, mahitaji yako yako chini ya haya ya kwenye jedwali.

Adapta, transista, valvu

Adapta ya Apple ya USB-C kwenda tundu la milimita 3.5 inauzwa dola 9 huko Marekani. Inatoa karibu volti 1, na ndani yake mna DAC safi, yaani kigeuzi cha kufanya muziki wa kidijitali uwe umeme wa kusukuma spika, ambayo wenye vifaa vya bei mbaya hawapendi kulinganishwa nayo. Rudi kwenye jedwali: M50x inashiba na kusaza. DT 770 ya omu 80 na HE400se zinafika karibu desibeli 107, zinatosha kwa muziki wa siku hizi uliorekodiwa kwa nguvu. HD 600 inaishia 102 hivi, inatosha kwa wengi, ila kwenye rekodi ya zamani iliyo chini utafika mwisho wa sauti na kutamani kidogo zaidi. Angalia mambo mawili kabla ya kulipa. Toleo linalouzwa Ulaya limepunguzwa hadi nusu ya volti hizo. Na kwenye baadhi ya simu za Android adapta hii huanza ikiwa imejishusha, ukadhani ni mbovu.

Ina faida nyingine ambayo wauzaji wa Ulaya hawaiandiki kwenye boksi. Umeme ulipokatika katikati ya kikao mwezi uliopita, meza nzima ilinyamaza isipokuwa waliokuwa na adapta na simu.

Daraja la pili ni amplifaya ya transista ya mezani, mfano JDS Labs Atom au Schiit Magni, za dola 100 hivi. Zina nguvu ya kutosha kwa hedifoni zote nne na ukinzani wao wa kutoa (wa amplifaya yenyewe, pale unapochomeka hedifoni) uko chini ya omu 1 au karibu na hapo, maana yake hazigusi tabia ya hedifoni. Huo ndio uzuri wake na ndiyo sababu hakuna anayezipiga picha. Ukiwa na HD 600 au HE400se na unasikiliza rekodi za zamani, nunua mojawapo na ufunge mjadala. Kuvuka bei hiyo kwa ajili ya hizi nne sioni unachonunua isipokuwa bodi nzuri.

Kisha valvu. Ya mezani kwetu ni Bottlehead Crack, ambayo huja ikiwa vipande kutoka Marekani na unaichomea risasi mwenyewe. Ndani yake mna volti zinazoweza kuua, kwa hiyo asiyejua asifungue. Ukinzani wake wa kutoa ni omu 120 hivi, na hapo ndipo penye kisa chote. Umeme hugawanyika kati ya amplifaya na hedifoni kwa kadiri ya ukinzani wao. HE400se yenye omu 25 inabakiwa na asilimia 17 tu ya volti, nyingine zinaishia ndani ya amplifaya. Sauti inakuwa ndogo, na ukipandisha inakwaruza. Kwa HD 600 hesabu inageuka. Inapata asilimia 71 ya volti, na kwa kuwa ukinzani wake si 300 kila mahali bali unapanda hadi kama 500 karibu na herzi 100, pale inapata asilimia 81. Tofauti hiyo ni kama desibeli 1 ya besi ya juu. Kidogo, lakini sikio linaisikia kama mwili zaidi. Kwa hiyo wanaosema valvu «inapasha joto» HD 600 hawadanganyi. Ila joto hilo halitoki kwenye mwanga wa chungwa. Linatoka kwenye omu 120, na karibu lote ungelipata kwa ikwalaiza ya bure kwenye simu.

Kulinganisha bila kujidanganya

Yuko mzee mmoja katika kundi letu, fundi redio aliyestaafu. Kijana wa Arusha alivua hedifoni akiwa ametabasamu, akasema valvu imeifungua sauti yote.

«Shikamoo mzee, hebu na wewe sikiliza.»

«Marahaba. Umepima?»

«Kupima nini tena mzee? Si unasikia tu.»

Mzee hakubisha. Alitoa mita yake, akachomeka kigawanyi cha tundu mbili ili hedifoni ibaki imeunganishwa, akapiga mlio mmoja wa herzi 400 na kusoma volti za AC. Valvu ilikuwa juu kwa zaidi ya desibeli 2. Sikio la binadamu likiongezewa kiasi hicho halisemi «imepanda», linasema «imekuwa safi, ina uhai». Wakasawazisha volti, wakabadilishana bila kijana kuona. Adapta na transista kwenye M50x hakuweza kuzitofautisha. Valvu kwenye HD 600 aliitambua, akasema ngoma zimenona kidogo, jambo ambalo hesabu ya hapo juu ingekuwa imeshalisema. Aliondoka nayo ikiwa bado moyoni mwake, na sina ugomvi na hilo. Ni kitu kizuri kukitazama.

Mita ya kawaida ya dukani inatosha kwa kazi hii. Mlio uwe wa chini namna hiyo kwa sababu mita nyingi za bei nafuu hudanganya zikipewa masafa ya juu. Kwa hedifoni dhidi ya hedifoni mita haisaidii, kwani kila moja ina usikivu wake. Tumia sauti ya mtangazaji anayezungumza, zilinganishe kwa sikio mpaka awe kana kwamba yuko umbali uleule kwenye zote mbili, ndipo uweke muziki. Na njoo na nyimbo zako mwenyewe. Zile zinazopigwa kwenye maonyesho zimechaguliwa na mwenye mali.

Sasa uchukue ipi

Unaishi penye kelele na una simu tu: M50x na adapta, basi. Unarekodi, unachanganya, au una jasho jingi: DT 770 ya omu 80, achana na ya 250 kama huna amplifaya. Una chumba kimetulia na unapenda Bongo Fleva, amapiano, ngoma nzito: HE400se, adapta kwanza, transista baadaye ukiona haja. Una chumba kimetulia na unasikiliza taarabu, kwaya, dansi la zamani, watu wanaoimba: HD 600, na kama bajeti inabana anza na adapta, hiyo hedifoni itakungoja. Valvu nunua ukiwa tayari una HD 600 au ndugu zake wa omu 300, na unajua unanunua ladha.

Ukiagiza nje, VAT ni asilimia 18 na ushuru wa forodha uko juu yake, kwa hiyo ile dola 100 usiihesabu kuwa 100. Amplifaya za mezani nyingi kutoka Marekani huja za 120 V. Andika wazi kwamba unataka ya 230 V. Atom na Magni zinatumia adapta za ukutani zinazotoa AC, si DC, hivyo ikiungua usikimbilie dukani kuchukua adapta ya ruta, plagi inaweza kuingia lakini kifaa hakitawaka. Kwa hedifoni zilizokwisha tumika, cheza rekodi ya mono: mwimbaji akiegemea upande mmoja, spika moja imechoka au waya umeanza kukatika karibu na jeki. Utikise waya wakati inacheza. Na M50x bandia ziko nyingi. Muuzaji akikataa uchomoe waya uangalie tundu lake kwenye kikombe, ambalo kwenye ya kweli ni la milimita 2.5 na hufunga ukilizungusha, mrudishie na uendelee na safari.